Soundgarden: uzito wao umejificha kwenye nyuzi na kwenye hesabu

Mashabiki wa Soundgarden, bendi ya rock ya Seattle, Marekani, wakianza kuisifu, wa kwanza kutajwa ni mwimbaji wake Chris Cornell na koo lake, na wana haki. Lakini Seattle ya miaka ya 90 haikupungukiwa na waimbaji wenye sauti. Kilichoitenga Soundgarden na wenzao ni kazi inayofanyika chini ya uimbaji: magitaa yaliyolegezwa nyuzi hadi kwenye besi, na mapigo yanayokwenda kwa saba, tano au sita badala ya nne tulizozizoea. Anayetaka kuzipiga nyimbo hizi lazima ayamudu yote mawili, na msikilizaji akiyajua atazisikia kwa sikio jingine kabisa.

Tuanze na nyuzi. Mpiga gitaa la solo wao, Kim Thayil, aliupata mtindo wa kufunga nyuzi uitwao dropu D kupitia Buzz Osborne wa bendi ya Melvins, na tayari unasikika kwenye "Nothing to Say" ya 1987. Uzi wa sita, ule mnene wa juu kabisa mkononi mwako, unashushwa kutoka noti ya E hadi D, yaani toni moja nzima. Nyingine haziguswi. Ulegeze mpaka upite kidogo chini ya D, kisha uupandishe taratibu hadi ufike. Ukishusha tu na kuachia hapo, uzi unabaki na ulegevu kwenye kigingi (kile kitufe cha kukazia uzi kichwani mwa gitaa) na utaendelea kuteremka ukiwa katikati ya wimbo. Uhakikishe kwa kuupiga pamoja na uzi wa nne, ambao ni D ya juu yake: zikipishana utasikia sauti ikitetemeka, zikikaa sawa mtetemo unaisha. Halafu rudia kukagua nyuzi zote sita, kwa sababu shingo iliyopunguziwa mvuto hujinyoosha kidogo na nyuzi nyingine hupanda.

Faida yake ni kwamba nyuzi tatu nene sasa ni D, A na D. Kidole kimoja kikilala juu ya zote tatu kwenye freti yoyote (vile vyuma vinavyokatiza shingo ya gitaa), umepata kodi nzito, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, na unaihamisha shingoni kwa kuteleza tu. "Outshined" na "Spoonman" zimejengwa juu ya wepesi huo.

Sasa "Rusty Cage", inayofungua albamu ya Badmotorfinger ya 1991. Hapa uzi wa sita haukuishia D, umeteremshwa hadi B. Hizo ni nusu toni tano, na hapo ndipo wengi hukwama. Mvuto wa uzi hupungua haraka kuliko sauti inavyoshuka: kufika D unapoteza kama sehemu moja ya tano ya mvuto, kufika B unapoteza zaidi ya asilimia 40. Uzi wa kawaida wa inchi 0.046 ukiwa kwenye B unagonga freti, unalia hovyo, na kila ukiuchapa kwa nguvu noti inaanza juu kisha inazama. Dawa ni uzi mnene zaidi. Kwa D tumia 0.052, kwa B tafuta kitu cha karibu na 0.060. Ukibadilisha, kagua freti ya 12: noti yake ikiwa juu kuliko inavyotakiwa, sogeza kitako cha uzi huo kwenye daraja (kipande kinachobeba nyuzi mwilini mwa gitaa) kwenda nyuma, mbali na shingo, hadi ikae. Angalia pia mfereji ambamo uzi hupita kule kichwani mwa gitaa. Uzi mnene hubanwa humo, na ukizungusha kigingi sauti haiendi, kisha inaruka ghafla. Kupaka risasi ya penseli humo husaidia ubano ukiwa mdogo; ukiwa mkubwa mfereji unahitaji kupanuliwa na fundi.

Kuna mitindo ya ajabu zaidi. "Burden in My Hand" na "Pretty Noose" za 1996 hutumia C-G-C-G-G-E, kuanzia uzi wa sita. Uzi wa pili na wa tatu zinakuwa noti ileile ya G, na zikipigwa pamoja zinatoa ule mlio mpana unaodhani ni magitaa mawili. "Mind Riot" imekwenda mbali kuliko zote, nyuzi sita zote ni E. Usijaribu mitindo hii kwenye gitaa lenye daraja linaloelea kwa springi. Ukigusa uzi mmoja, tano zilizobaki zinahama, na utamaliza jioni nzima ukizungusha vigingi. Gitaa la Thayil, Guild S-100, lina daraja lisilotembea. Hulitumia kwa jambo jingine pia: huchuna vipande vifupi vya nyuzi nyuma ya daraja na kutoa mlio mkali unaofanana na kengele.

Upande wa hesabu ndio unaonifanya niipende bendi hii kuliko zote za kizazi chake. Ubeti wa "Outshined" una mapigo saba. Hesabu nne, kisha tatu, kisha rudi mwanzo: moja mbili tatu nne, moja mbili tatu. Ukifika kwenye kibwagizo, hesabu inarudi kwenye nne za kawaida na wimbo wote unafunguka. Si kwamba gitaa limeongezwa sauti; ni lile pigo moja lililokuwa likikatwa kila mara ambalo limerudishwa. "My Wave" inafanya hivyohivyo kwa tano. "Fell on Black Days" inakwenda kwa sita, polepole, na ndiyo maana inaonekana kama inavuta mguu. "The Day I Tried to Live" inapokezana saba na nane za haraka. Mtu akiniuliza aanzie wapi, namwelekeza kwenye huo wa mwisho, si "Black Hole Sun".

Kosa la wanaojifunza ni kulifuata gitaa. Gitaa litakupoteza. Mfuate mpiga drams Matt Cameron, sikiliza ngoma yake ndogo inaangukia wapi, na ugonge mguu kwa usawa bila kujali kifungu kimeishia wapi. Cameron hapigi saba kwa kujionyesha. Anazipiga kana kwamba ni nne, na Cornell juu yake anaimba mstari mrefu unaovuka mipaka ya hesabu, kwa hiyo sikio halistuki. Tusisahau kwamba Cornell mwenyewe alianza kwenye drams bendi ilipoundwa 1984, akiimba na kupiga kwa wakati mmoja. Thayil amesema hawakuzipanga namba hizi. Wimbo ulitungwa kwanza, hesabu ikagunduliwa baadaye. Naamini, maana hakuna mahali utasikia pigo lililobandikwa kwa nguvu.

Albamu ya Superunknown ya Machi 1994 ndiyo iliyowafikisha kileleni mwa chati ya Marekani. Kwenye "Spoonman" unasikika mpiga vijiko wa mitaani Seattle, Artis, pamoja na Cameron akigonga masufuria. Kwenye "Black Hole Sun", gitaa la ubeti limepitishwa kwenye spika ya Leslie, ambayo ndani yake pembe huzunguka na kuifanya sauti ikaribie na kutoweka. Nyuzi ziko kwenye dropu D, noti huchunwa moja moja. Usipokuwa na spika hiyo, pedali inayoiga mzunguko itakufikisha karibu, ila punguza mkwaruzo wa amplifaya hadi noti zisikike safi kabla ya kuiwasha. Hilo ni kweli kwa nyimbo zao nyingi. Nyuzi zilizolegezwa zikipewa mkwaruzo mwingi huvurugika na kuwa tope, hivyo anza na nusu ya unaoutumia kwa nyimbo nyingine, punguza besi ya amplifaya, na umwachie mpiga besi wao, Ben Shepherd, nafasi yake huko chini.