Je, dawa ya kuchua ikinuka zaidi ndiyo hutibu zaidi?

Wengi huamini kwamba harufu kali ya dawa ya kuchua ndiyo inayoondoa maumivu. Kichwa kikiuma, kopo hufunguliwa na kunuswa. Nafuu hupatikana kweli, ila chanzo chake si ukali wa harufu.

Mentholi, kiungo cha dawa nyingi za kuchua, huamsha neva zinazohisi baridi, kwenye paji la uso na hata ndani ya pua. Ngozi haijapoa, lakini ubongo hupokea taarifa ya ubaridi, na maumivu hufifia.

Harufu yenyewe hupita njia nyingine. Hufika haraka kwenye sehemu za ubongo zinazohusika na hisia na kumbukumbu. Harufu unayoipenda hukutuliza, maumivu yakakukera kidogo kuliko mwanzo, ingawa nguvu ya maumivu mara nyingi hubaki ileile. Kwa wengine, manukato makali ndiyo huamsha kipandauso.

Unaweza kujipima. Andika namba mbili, kila moja kati ya 0 na 10: maumivu yana nguvu kiasi gani, na yanakukera kiasi gani. Nusa asumini au karafuu kwa dakika 5 ukiwa umekaa, kisha andika tena. Siku nyingine kaa hivyohivyo bila harufu. Hatua hii ndiyo hurukwa, ilhali mapumziko peke yake yanaweza kupunguza maumivu, nawe ukadhani ni harufu.

Mtoto wa chini ya miaka 2 asipakwe mentholi wala kafuri. Inaweza kumbana pumzi. Kichwa kinachouma ghafla na vikali, au pamoja na shingo kukakamaa, ni cha hospitali.