Ukifungiwa leseni ya kuwinda Colorado, kuvuka mpaka hakukusaidii

Kuna watu bado wanaamini eti Marekani ukifungiwa leseni ya kuwinda jimbo moja unavuka tu jimbo la jirani unakata nyingine maisha yanaendelea. Wapi! Colorado, Nevada na Oregon walianzisha mkataba wa kuziba huo mwanya mwaka 1989, na sasa hivi karibu majimbo yote yamo. Yaani umekusanya pointi 20 za makosa Colorado ndani ya miaka mitano wakakufungia, jina linaingia kwenye mfumo wa pamoja, ukienda kuomba kibali cha kulungu Wyoming nao wana haki ya kukukatalia, na kuvua samaki pia kunaweza kuingia humo humo.

Ila sio kila kosa linahama automatiki hivyo, kila jimbo linaangalia sheria zake kwanza.

Wengi wananasa hapa: umeandikiwa faini ugenini, askari wa wanyamapori kakuachia uende kwa ahadi tu bila dhamana (hiyo nayo ni faida ya mkataba), ukafika home ukaipotezea. Jimbo lako lenyewe ndo linakufungia mpaka umalizane na hao waliokuandikia faini.