Kuoana na Mmarekani hakukupi uraia

Vijiweni bado inasemwa: funga ndoa na raia wa Marekani, uraia ni wako. Sivyo. Cheti cha ndoa kinakufungulia mlango wa kuombewa ukaazi tu. Mwenzi wako hujaza fomu I-130 kuthibitisha ndoa, na I-864 kuahidi kukutunza kifedha.

Kisha usaili. Mkiwa Marekani, kwa kawaida mnaketi pamoja mbele ya afisa: mlikutanaje, kodi ya nyumba analipa nani, mashemeji mnawajua? Anapekua mkataba wa pango wenye majina yenu mawili, taarifa za benki, picha. Kuhojiwa kila mmoja chumba chake, ile hadithi ya kuulizwa rangi ya mswaki wa mwenzako, hutokea zaidi pale ndoa inapotiliwa shaka. Wanandoa wa kweli nao husahau tarehe, na maafisa wanalijua hilo.

Ndoa ikiwa haijatimiza miaka 2 siku unapokubaliwa, grini kadi yako, yaani kadi ya ukaazi, ni ya miaka 2, yenye masharti. Ndani ya siku 90 kabla haijaisha, mnawasilisha fomu I-751 kuyaondoa masharti hayo. Uraia? Huombwa baada ya takriban miaka 3 ya ukaazi, mkiwa bado mnaishi pamoja, na bado kuna mtihani.