Juni ya Kenya, Oktoba ya Tanzania: namna tunavyoyachambua maandamano ya jirani

Jumanne ya tarehe 25 Juni 2024, wakati vijana wa Kenya waliokuwa wakiupinga Muswada wa Fedha wa nchi yao wanaingia katika majengo ya Bunge jijini Nairobi, wafanyabiashara wa Kariakoo, Dar es Salaam, walikuwa wamefunga maduka kwa siku ya pili mfululizo wakipinga utaratibu wa ukusanyaji kodi na ukaguzi wa maofisa wa Mamlaka ya Mapato. Mgomo huo ulikwisha kugusa miji mingine, Mwanza na Mbeya ikiwamo. Nchi mbili zinazopakana zilikuwa na malalamiko ya kodi katika wiki moja, na mtu angetarajia wachambuzi wetu wayaweke mambo hayo mawili meza moja. Katika mijadala ya redio, magazeti na mitandao niliyoifuatilia kwa ajili ya kazi yangu ya kufundisha siasa za kanda, jambo hilo lilifanyika kwa nadra sana. Ya Kariakoo yalizungumzwa kama suala la utawala wa kodi, lenye mawaziri wa kulishughulikia na madai ya kujadiliwa. Ya Nairobi yalizungumzwa kama suala la tabia ya Wakenya.

Tofauti hiyo ndiyo ninayotaka kuieleza hapa. Naamini inaonyesha kasoro kubwa kuliko zote katika uchambuzi wa mambo ya jirani: tunapomtazama jirani tunaacha kuuliza maswali ambayo nyumbani tungeyauliza kwanza. Nyumbani tunauliza ni sheria gani, ni kiasi gani, nani ameamua. Kwa jirani tunaridhika na kusema kwamba "wale ndivyo walivyo".

Tuuchukue Muswada wa Fedha wa 2024 wenyewe. Serikali ya Kenya ilikusudia kukusanya nyongeza ya takriban shilingi bilioni 346 za nchi hiyo, ikiwa chini ya mpango na Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF), na ikiwa imetoka kuhangaika na hati fungani ya dola bilioni 2 iliyokuwa inaiva mwezi huo huo wa Juni. Ndani ya muswada kulikuwa na mapendekezo ya kutoza mkate kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, kutoza mafuta ya kupikia ushuru wa asilimia 25, na kuanzisha kodi ya kila mwaka ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari. Vijana waliusoma muswada huo kifungu kwa kifungu, wakaufafanua kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za nchi, wakaueneza kwa simu. Tarehe 18 Juni, siku ya maandamano ya kwanza, kamati ya fedha ya Bunge ilitangaza kuiondoa kodi ya mkate na baadhi ya tozo nyingine. Wiki moja baadaye wabunge 195 waliuunga mkono muswada uliobaki dhidi ya 106 walioupinga, na saa chache baada ya hapo uzio wa Bunge ukavunjwa. Kesho yake Rais William Ruto alitangaza kwamba hatautia saini.

Mchambuzi anayeianza simulizi yake kwenye uzio uliovunjwa ataona vurugu tu, maana vurugu ndizo zilizobaki kwenye picha. Anayeianza kwenye muswada anaona mashauriano yaliyoshindikana hatua kwa hatua: maoni ya wananchi yaliyokusanywa kwa matakwa ya Katiba yakapuuzwa, makubaliano ya nusu yakatolewa kwa kuchelewa, kisha kura ikapigwa wakati umma umekwisha kusema hapana kwa sauti inayosikika mpaka kwenye ukumbi wa Bunge. Simaanishi kwamba simulizi ya pili inahalalisha kila kilichotendeka siku ile. Ila bila hiyo, ya kwanza haielezi chochote.

Kwa nini basi wengi wetu tuliichagua ya kwanza? Sababu moja ni kumbukumbu. Mtanzania wa umri wangu anapolisikia neno maandamano likitajwa pamoja na Kenya, kinachomjia ni mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008, uchaguzi uliozua mauaji ya zaidi ya watu 1,100 na kuwagawa raia kwa misingi ya kabila na kambi za wanasiasa. Kwa hiyo mwaka 2024 wachambuzi kadhaa wa hapa nyumbani walianza kuwatafuta wakubwa waliokuwa nyuma ya vijana na kabila lililokuwa likinufaika, ilhali vijana wenyewe walikuwa wakitangaza kwamba hawana kabila, hawana chama na hawana kiongozi. Raila Odinga, aliyeongoza maandamano mengi ya Kenya kwa miongo kadhaa, hakuwa mwitaji wa haya, na mwezi uliofuata baadhi ya wanasiasa wa karibu wa chama chake waliteuliwa kuingia katika Baraza la Mawaziri. Mchambuzi aliyeshikilia ramani ya 2007 hakuwa na mahali pa kuyaweka mambo hayo.

Kosa hilo lina pacha wake upande wa pili wa mpaka. Kwa miaka mingi wachambuzi wa Kenya wamemweleza Mtanzania kama mtu mpole, asiyejua kudai haki yake, na sifa hiyo imerudiwa mara nyingi hata baadhi yetu tukaipokea kama pongezi, tukajiita kisiwa cha amani. Ilipofika tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, watu walipoingia barabarani Dar es Salaam, Mwanza, Arusha, Mbeya na hadi Namanga mpakani, intaneti ikazimwa na amri ya kutotoka nje usiku ikatangazwa Dar es Salaam, mshangao wa wachambuzi wa Nairobi ulikuwa mkubwa. Maelezo yaliyopatikana haraka kuliko yote yalikuwa kwamba Watanzania hatimaye wamejifunza kwa Wakenya.

Maelezo hayo yananihuzunisha, kwa sababu yanaifuta historia ambayo Kenya yenyewe iliishuhudia kwa macho. Januari 2001 polisi walipowafyatulia risasi waandamanaji wa Unguja na Pemba baada ya uchaguzi wa mwaka uliotangulia, watu zaidi ya 2,000 walivuka bahari kwa mashua na kukimbilia Shimoni, pwani ya Kenya. Wakazi wa Shimoni hawakuhitaji mchambuzi wa kuwaambia kama Mtanzania huandamana. Mwaka 2013 Mtwara iliwaka kwa ajili ya bomba la gesi la kwenda Dar es Salaam, na wananchi wa kule walikuwa na hoja ya wazi kuhusu nani anufaike na rasilimali iliyoko kwao. Hayo yote hayakusubiri somo kutoka Nairobi.

Yapo pia mambo ya sheria, ambayo ni makavu kuyasimulia redioni lakini ndiyo yanayoamua hasira ya watu ielekee wapi. Ibara ya 37 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko kwa mamlaka za umma, kwa amani na bila silaha. Katiba ya Tanzania ya 1977 nayo inatambua uhuru wa kukutana katika Ibara ya 20, lakini mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa tangu 2016 mpaka Rais Samia Suluhu Hassan alipoondoa zuio hilo Januari 2023, jambo linaloonyesha kwamba kwetu haki hiyo imekuwa ikifungwa na kufunguliwa kwa tamko. Kuhusu matokeo ya urais tofauti ni kubwa zaidi. Mahakama ya Juu ya Kenya iliufuta uchaguzi wa rais tarehe 1 Septemba 2017. Ibara ya 41(7) ya Katiba yetu inaikataza mahakama yoyote kuchunguza uchaguzi wa mgombea aliyekwisha kutangazwa na Tume ya Uchaguzi kuwa ameshinda, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua mwaka 2020 kwamba katazo hilo linakiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Kwa hiyo mchambuzi wa Nairobi aliyeuliza kwa nini wapinzani wa Tanzania hawakwenda mahakamani aliuliza swali la Kikenya. Hali kadhalika, sisi tuliowauliza Wakenya kwa nini hawakumwachia mzee mmoja mwenye busara akazungumze na Rais kwa niaba yao tuliuliza swali la Kitanzania.

Kuna hoja nyingine isiyokosekana, nayo ni ya mkono wa nje. Julai 2024 Rais Ruto aliitaja taasisi ya Ford Foundation kuwa mfadhili wa vurugu, nayo ikakanusha. Baada ya Oktoba 2025 serikali ya Tanzania ilisema kwamba baadhi ya waliokamatwa walitoka nje ya nchi. Hoja hii ni kongwe katika kanda yetu. Januari 1964 Mapinduzi ya Zanzibar yalitokea tarehe 12, wanajeshi wa kambi ya Colito jijini Dar es Salaam wakaasi tarehe 20, wa Jinja nchini Uganda tarehe 23, na wa Lanet nchini Kenya tarehe 24. Ndani ya siku kumi na tatu nchi nne zilitikisika, na walikuwapo wengi walioamini kwamba mpangaji alikuwa mmoja, wengine wakinyooshea kidole nchi za kikomunisti. Utafiti wa baadaye umeonyesha kwamba maasi ya kambi hizo tatu yalitokana hasa na mishahara duni na kuendelea kuwapo kwa maofisa wa Kiingereza hata baada ya uhuru. Askari wa Jinja walisikia habari za Colito, na habari hizo ziliwapa ujasiri. Lakini kusikia ya jirani si kutumwa na jirani, na malalamiko ya mshahara waliyokuwa nayo Jinja yalikuwa ya Jinja.

Nina huruma na wachambuzi wa nyumbani katika jambo moja. Anayeishi mahali ambapo kuizungumzia serikali yake kuna gharama hupata katika habari za jirani nafasi ya kusema asichoweza kukisema moja kwa moja. Mtangazaji wa Dar es Salaam aliyesema Julai 2024 kwamba viongozi wa Kenya hawawasikilizi vijana huenda hakuwa akiifikiria Kenya peke yake, na wasikilizaji wake walimwelewa. Vivyo hivyo aliyesisitiza kwamba Kenya imejiharibia uchumi kwa maandamano alikuwa akiwaonya watu wa hapa. Uchambuzi wa namna hii una kazi yake katika jamii, nami siudharau. Tatizo ni kwamba jirani anageuka kuwa mfano, na mfano hauna wafu.

Wafu walikuwapo. Kufikia tarehe 1 Julai 2024 Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ya Kenya ilikuwa imehesabu watu 39 waliouawa. Kuhusu Tanzania, Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilisema Novemba 2025 kwamba taarifa ilizopokea zinaashiria mamia ya waliouawa. Nimesikia wachambuzi wa pande zote mbili wakizitumia hesabu hizi kushindana, nchi ya nani ni mbaya zaidi, polisi wa nani ni wakatili zaidi, na sijui namna ya kulisema hili kwa upole: ni aibu kwetu sote. Mzazi wa Kitengela na mzazi wa Kimara wanatafuta kitu kimoja, nani alifyatua na kwa amri ya nani. Hilo ndilo swali ambalo mchambuzi aliye upande wa pili wa mpaka angeweza kuwasaidia kulibeba, kwa kuwa yeye yuko mbali na mkono wa wanaoulizwa.

Tena tunaondoka mapema mno. Macho ya Tanzania yalikuwa Nairobi kwa muda wa wiki chache, hadi Ruto alipolivunja Baraza lake la Mawaziri tarehe 11 Julai, kisha wengi wakafunga daftari wakiandika kwamba vijana wameshinda, au wameshindwa, kutegemea mwandishi. Waliobaki wakifuatilia waliona kwamba tarehe 11 Desemba mwaka huo huo Rais alitia saini marekebisho ya sheria za kodi yaliyorudisha sehemu ya mapendekezo ya muswada uliokataliwa, ikiwamo kodi mpya kwa kampuni za nje zinazopata kipato Kenya kupitia mtandao. Waliona pia kwamba vijana kadhaa waliokuwa wakiikosoa serikali walitekwa mwishoni mwa mwaka huo, na kwamba tarehe 25 Juni 2025 na Saba Saba (tarehe 7 Julai) iliyofuata watu waliuawa tena. Kwa upande wetu, Novemba 2025 iliundwa tume ya uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Wachambuzi wa Nairobi walioijaza siku ya tarehe 30 Oktoba kwa maoni yao walikuwa na kazi ya kuzisoma hadidu za rejea za tume hiyo, kuangalia nani aliitwa kutoa ushahidi na nani hakuitwa, na kuendelea kuuliza baada ya kamera kuhamia kwingine.