Mlingoti, Adhana na Chumvi: Jinsi Televisheni ya Mji Inavyofika Nyumbani

Mtu wa Lamu akila daku huku akisikilizia adhana ya alfajiri kutoka kituo cha televisheni cha Nairobi, atakuwa amekula robo saa nzima ndani ya saumu. Hilo si kosa la mtangazaji wala la muadhini. Lamu iko kwenye longitudo ya karibu digrii 40.9 mashariki na Nairobi kwenye digrii 36.8, na kwa kuwa dunia hutumia dakika nne kuzunguka digrii moja, alfajiri ya Lamu hutangulia ile ya Nairobi kwa takriban dakika 16, na magharibi yake vivyo hivyo. Malindi hutangulia kwa dakika 13 hivi. Hata Mombasa, ambayo wengi huihesabu kuwa ndiyo Pwani yote, iko nyuma ya Lamu kwa dakika tano. Huu ndio mfano ninaowapa vijana wanaokuja kwangu kujifunza kazi, kila wanaponiuliza kwa nini mji mdogo uhangaike kuwa na kituo chake wakati vya taifa viko tele.

Mimi ni fundi wa mitambo ya kurushia matangazo, na makao yangu ni Malindi. Katika makala haya ninataka kueleza jambo ambalo mtazamaji halioni, yaani safari ya picha kutoka studio hadi sebuleni, kwa sababu naamini kwamba kituo huwa cha mji au hakiwi cha mji kutokana na safari hiyo, zaidi ya jina lake au lafudhi ya watangazaji wake.

Televisheni ilianza nchini Kenya mwaka 1962, na mtambo wake wa kwanza uliwekwa katika nyumba ya shambani huko Limuru, ukiwa na uwezo wa kufika maili 15 tu, ambazo ni kama kilomita 24. Mwaka 1964 shirika la utangazaji, KBC (Kenya Broadcasting Corporation), lilitaifishwa na kuitwa Sauti ya Kenya, na mwaka 1970 kituo cha televisheni kikafunguliwa Mombasa. Mwaka huohuo, tarehe 12 Desemba, setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miale ya eksi angani ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano lililosimama baharini mbele ya Ngomeni, mwendo mfupi kaskazini ya Malindi, ikapewa jina la Uhuru kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu ya uhuru wetu. Jambo hili hunigusa kila ninapolikumbuka: chombo kiliondoka kwenye maji yetu kikafika angani, ilhali picha ya televisheni kutoka Mombasa ilikuwa haiwezi kuvuka zaidi ya kilomita 100 ikafika Malindi bila kusaidiwa njiani. Rangi zilikuja mwaka 1978, jina la KBC likarudi mwaka 1989, na kituo cha kwanza cha binafsi, KTN, kikaanza Nairobi mwaka 1990.

Kwa nini picha ilishindwa kufika? Mawimbi ya televisheni husafiri karibu sawasawa na mwanga, kwa mstari ulionyooka, na dunia ni mviringo. Mafundi tuna kanuni moja tunayoibeba kichwani: chukua kimo cha mlingoti kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.12, na jibu litakuwa umbali wa upeo wa mawimbi kwa kilomita. Mlingoti wa mita 100 huona kilomita 41. Ukiwa na antena iliyofungwa kwenye mti juu ya paa, mita tisa kutoka ardhini, unaongeza kilomita 12, jumla 53, na hapo ndipo mambo yanapoishia katika hali ya kawaida. Nahodha anaijua hesabu hii bila karatasi, kwa sababu jahazi linalokaribia huonekana kwanza mlingoti wake, kisha tanga, na mwisho ndipo omo lake linapochomoza. Kutoka Malindi hadi Lamu, ukipima moja kwa moja, ni kama kilomita 135. Pwani yetu ni tambarare. Hatuna mlima wa kusimamisha mtambo kama walivyo nao wenzetu wa bara, na kwa hiyo kila kilomita 50 zinadai mlingoti mpya, uzio, jenereta, mlinzi na barabara inayopitika wakati wa masika.

Kuna nyakati ambapo bahari yenyewe huvunja kanuni hiyo. Hewa yenye unyevu inapotanda juu ya maji, na juu yake kukawa na hewa kavu zaidi, mawimbi hupindwa na kufuata mgongo wa bahari kama maji ndani ya mfereji, yakafika mbali kuliko yalivyokusudiwa. Ndipo mtu wa pwani anapoona usiku mmoja kituo ambacho hakuwahi kukiona, na kesho yake hakipo. Watazamaji hulifurahia jambo hilo, lakini kwa fundi ni msiba, kwa kuwa mawimbi ya mbali yakikutana na ya kwako kwenye masafa (frikwensi) yaleyale, yote mawili huharibika.

Mapokezi haya ya kubahatisha yalikuwa na maana zaidi enzi ya analogi, mfumo wa zamani uliotangulia dijitali. Mawimbi ya analogi yakidhoofika, picha ilijaa chenga, na mtu alivumilia chenga mradi asikie habari. Dijitali haina uvumilivu huo: juu ya kiwango fulani picha ni safi kabisa, chini yake kidogo inakatikakatika vipande vya mraba, kisha inaganda, kisha hamna kitu. Wazee wengi waliniambia kwamba king'amuzi kimewaharibia televisheni. Kwa kweli, nyumba zao zilikuwa ukingoni mwa mawimbi tangu zamani, na analogi ilikuwa ikiwasitiri.

Mkataba uliotiwa saini Geneva mwaka 2006 uliweka tarehe 17 Juni 2015 kuwa mwisho wa mitambo ya analogi kulindwa isiingiliwe na mawimbi ya wengine katika nchi nyingi, nchi yetu ikiwemo, na Kenya ilizima mitambo yake kwa awamu mwanzoni mwa mwaka huo, baada ya mvutano mrefu mahakamani. Kilichozungumzwa sana ni bei ya ving'amuzi. Kilichozungumzwa kidogo, na ambacho mimi nakiona ndicho kikubwa, ni mabadiliko ya umiliki wa mlingoti. Zamani kituo kilikuwa na studio yake, mtambo wake na masafa yake. Chaneli moja ilikalia nafasi nzima ya megahezi (kipimo cha masafa) saba au nane. Kwa mfumo wa dijitali tunaoutumia, nafasi hiyohiyo ya megahezi nane hubeba chaneli 20 au zaidi za ubora wa kawaida zilizofungwa pamoja kama furushi. Kwa hiyo sheria ilitenganisha kazi mbili: mwenye kituo hutengeneza vipindi, na msambazaji mwenye leseni huvikusanya na kuvirusha. Wasambazaji wa kwanza walikuwa Signet, kampuni tanzu ya KBC, na Pan African Network Group, kisha vyombo vikubwa vya binafsi vikaunda chao cha pamoja.

Mpango huu una faida ambayo sitaki kuificha. Mtu mwenye wazo, kamera tatu na chumba kilichozibwa mwangwi anaweza sasa kuwa na kituo Malindi bila kununua mlingoti, na hilo lilikuwa ndoto nilipoanza kazi. Lakini kodi ya nafasi ndani ya furushi hulipwa kila mwezi, iwe matangazo ya biashara yamepatikana au la, na katika mji ambao biashara zake hutegemea msimu wa wageni, mapato ya Mei na Juni hayafanani kamwe na ya Desemba. Nimeona kituo kikifa kikiwa na watazamaji.

Ndani ya kituo chenyewe, kazi ni ndogo kwa macho na nzito kwa mikono. Vipindi hupangwa kwenye kompyuta inayovicheza kimoja baada ya kingine usiku na mchana; kutoka saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku vinatakiwa kuwa vya kufaa watoto; taarifa ya habari inatakiwa iwe na mkalimani wa lugha ya ishara. Picha ikitoka hapo hubanwa, hupelekwa kwa msambazaji kwa waya au kwa kiungo cha maikrowevu, na mara nyingi hupandishwa setilaiti iliyo karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, kisha hushushwa kwenye mitambo ya kila mji. Kupanda na kushuka huko ni robo ya sekunde. Kubana na kukunjua huongeza sekunde kadhaa.

Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, dishi linaloelekea setilaiti ya longitudo yetu hulala kama sinia linaloangalia mbingu. Mvua hujaa ndani yake, na tusipolitoboa tundu la kutolea maji, kipindi hukatika hata baada ya mvua kwisha. Aidha, mwezi Machi na mwezi Septemba, katika siku chache za usiku na mchana kulingana, jua hupita nyuma kabisa ya setilaiti na kelele zake hufunika mawimbi kwa dakika kadhaa. Tunaiandika kwenye ratiba mapema, wala hapana fundi awezaye kuizuia.

Adui wa kila siku ni chumvi. Msimu wa kusi upepo hunyunyiza bahari juu ya mlingoti, na kiunganishi cha waya kisichofungwa vizuri kwa utepe wa mpira huota kutu ya kijani. Katika kituo kimoja nilichokihudumia tulipoteza matangazo ya mchana mzima. Tulibadilisha vifaa vya gharama kubwa kabla ya kugundua kwamba maji ya chumvi yameingia katika kiunganishi kimoja kisichozidi ukubwa wa kidole gumba. Tangu hapo, kila kusi inapoanza na kila inapokwisha, ninapanda mwenyewe na kukagua kila fundo.

Lamu huongeza ugumu wake. Kabla ya njia ya umeme ya kilovolti 220 kutoka Rabai kupitia Malindi na Garsen, mji uliishi kwa majenereta ya dizeli. Betri za akiba huvushwa kwa mashua kutoka Mokowe, kisha hubebwa kwa mkokoteni au punda, maana mitaa ya mji wa kale haiingii gari. Kuta za mawe ya matumbawe, zenye unene wa kumaliza urefu wa mkono, huua mawimbi ndani ya nyumba, kwa hiyo antena lazima ipande juani. Na kwa kuwa mji huo ni Urathi wa Dunia tangu mwaka 2001, haifai kuyajaza mapaa vyuma ovyo. Nimewashauri majirani wa mtaa mmoja kushirikiana antena moja na kugawana waya, na hadi leo wanaitumia.

Sasa narudi kwenye adhana. Mitambo kadhaa ikirusha kwa masafa mamoja, sharti yote itoe mkondo uleule, kwa wakati uleule, bila kupishana; ikitofautiana, inaharibiana. Maana yake ni kwamba huwezi kuingiza adhana ya Lamu, wakati wa bamvua au hali ya upepo wa wavuvi kwenye mtambo wa Lamu peke yake, ila mtambo huo upewe masafa yake na kifaa cha kufungulia furushi, kutoa chaneli moja na kutia nyingine. Kifaa hicho kipo, nimekifunga mahali pengine kwa mikono yangu, na masafa kati ya megahezi 470 na 694 yanatosha kwa kaunti yenye mitambo michache. Ombi langu kwa wenye mamlaka ya kugawa masafa na kwa wasambazaji ni dirisha la saa mbili kwa siku kwa kila mji wa Pwani, na kwa Lamu lianze na alfajiri.