Mkuza si hifadhi ya barabara

"Hapo chini ya nyaya ni kwa TANESCO, si petu. Weka maegesho, halafu panda miti ya kivuli ili halmashauri waridhike." Maneno haya kuhusu TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, yanasemwa mno kwenye viwanja vya biashara, na yana makosa mawili yanayogharimu fedha.

Mkuza ni ukanda wa ardhi ambamo mwenye miundombinu, iwe nyaya za umeme, bomba la maji au bomba la gesi, ana haki ya kupitisha mtandao wake, kuingia kuukagua na kuutengeneza, na kuzuia kitu chochote kinachouhatarisha. Maana yake ndiyo hiyo tu.

Wengi huuchanganya na hifadhi ya barabara, na hapo ndipo mambo huharibika. Hifadhi ya barabara ni ardhi ya barabara yenyewe. Kwa barabara kuu na za mikoa, Sheria ya Barabara ya 2007 ilileta upana wa mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, badala ya 22.5 za awali. Ndiyo asili ya zile alama za X ukutani: nyekundu kwa aliyejenga ndani ya hifadhi ya zamani, ambaye halipwi, na kijani kwa aliyefuatwa na upanuzi, ambaye anastahili fidia. Nyekundu au kijani, hatima ni moja: unaondoka.

Haki ya njia, yaani ile haki ya mwenye miundombinu kwenye mkuza, haikuondoi. Sheria ya Ardhi ya 1999 inaiweka kama mzigo juu ya ardhi ya mtu, na mzigo huo unafuata ardhi: ukinunua kiwanja, umenunua na haki hiyo ndani yake, hata kama muuzaji alinyamaza. Ila ukanda unabaki kuwa sehemu ya kiwanja chako. Miradi mikubwa ni habari nyingine. Serikali ikitwaa ardhi na kuilipia fidia yote, si yako tena, ingawa watu wataendelea kuuita mkuza. Kwa hiyo soma hati na ramani ya upimaji kabla ya kusema "si petu".

Kama ni pako, basi na masharti ya kibali cha ujenzi yanapahusu. Halmashauri ikidai miti na majani kwenye maegesho, inatazama kivuli, mwonekano na maji ya mvua yaendako. Mwenye nyaya anatazama urefu wa kitakachoota na njia ya gari lake kufika kwenye nguzo. Hawa ni wakubwa wawili, na idhini ya mmoja haifuti ya mwingine. Mchoro wenye muhuri wa halmashauri hauzuii mti kukatwa chini ya laini, na ukishakatwa, bado unadaiwa mti uliouchora.

Na mti hauhitaji kugusa waya ili ulete balaa. Kwenye umeme mkubwa, cheche huruka hewani. Nyaya zenyewe hulegea na kushuka zinapopata joto au kubeba mzigo mkubwa, na upepo huziyumbisha. Kipimo basi si urefu wa mche unaotoka kitaluni, ni urefu wa mwashoki uliokomaa. Juu ya bomba la maji, mizizi hufuata unyevu kwenye maungio. Juu ya bomba la gesi, inaweza kuharibu ngozi inayolikinga na kutu, na vichaka huficha ardhi ambayo mkaguzi anatakiwa kuiona.

Mpangaji wa bustani anapaswa kuanza na mkuza, auchore kwa vipimo kwenye mchoro wa maegesho kabla ya kuweka mti hata mmoja. Miti ya kivuli iende nje ya ukanda, ikihesabiwa huko. Ndani, ukoka na maua mafupi, kwa idhini ya maandishi ya mwenye laini iliyopatikana kabla ya mchoro kupelekwa halmashauri. Kama nafasi ya nje haitoshi, hilo lisemwe palepale kwenye maombi, maana ofisa wa mipango miji anaweza kujadili mahali pa miti wakati mchoro bado uko mezani kwake. Na neno la kuandika hapo si "eneo la TANESCO". Andika "sehemu ya kiwanja yenye haki ya njia ya umeme".