Mshono umepona, mbona bado panawaka?

Huku kwetu Mbeya wapo watu waliopasuliwa ngiri, waliojifungua kwa upasuaji, waliotolewa titi au kukatwa mguu, mshono ukafunga vizuri, na miezi mingi baadaye bado wanaumwa palepale. Wakilalamika hupewa majibu yanayowaumiza upya. Nimeyasikia sana, nyumbani na sokoni Uyole, na mengine yanawaharibia watu maisha.

"Kidonda kimeshapona, huyo anadeka"

Ngozi hufunga ndani ya wiki chache. Mshipa wa fahamu uliokatwa, kuvutwa au kubanwa na kovu una mwendo wake: hukua tena kwa takriban milimita 1 kwa siku, na wakati mwingine huota vibaya, ukaendelea kupeleka taarifa ya maumivu kwenye ubongo ilhali kidonda hakipo tena. Maumivu yanayoanza au kuzidi baada ya upasuaji na kudumu zaidi ya miezi 3 ni tatizo la kiafya linalotambuliwa. Limo kwenye orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, toleo la 11, lililoanza kutumika mwaka 2022.

Mgonjwa husikia moto, shoti inayopita ghafla, kuchomwachomwa na ganzi. Ngozi hiyohiyo yenye ganzi inaweza isivumilie hata nguo. Namfahamu mama aliyetolewa titi. Asubuhi za Julai, baridi ikiwa kali, hutembea ameishika blauzi kwa vidole viwili isiguse kovu. Baridi humzidishia, kama inavyowazidishia wengi wenye maumivu ya aina hii. Huyo hadeki.

"Daktari kasahau kitu ndani"

Hutokea, lakini ni nadra. Ukiwa na homa, usaha, uvimbe unaokua, kutapika au tumbo kujaa, rudi hospitali siku hiyohiyo. Vivyo hivyo mguu ukilegea au mkojo ukianza kukutoka bila kujijua. Maumivu ya kuwaka yasiyo na dalili hizo mara nyingi ni ya mshipa wa fahamu. Kwenye ngiri ya kinena, mishipa midogo ya fahamu hupita mahali hasa anapofanyia kazi daktari, kwa hiyo hata upasuaji mzuri unaweza kuigusa. Usikimbilie kupasuliwa tena: kisu cha pili nacho kinaweza kujeruhi mshipa.

"Panadol haisaidii? Nunua kali zaidi"

Hapa ndipo watu wanapoumia zaidi. Mtu anatoka duka la dawa muhimu na diklofenaki, wiki baada ya wiki. Dawa hiyo hutuliza maumivu ya uvimbe na majeraha. Kwa mshipa wa fahamu ulioharibika husaidia kidogo sana au haisaidii kabisa, na ikitumiwa muda mrefu inaweza kuleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo.

Dawa zinazotumika kwa maumivu haya ni nyingine: amitriptilini, gabapentini, pregabalini. Huandikwa na daktari, huanzwa kwa dozi ndogo na kupandishwa taratibu. Nafuu huchukua wiki kadhaa, na wengi huacha siku ya nne wakisema dawa haifai. Pia si kila mtu hupona kabisa. Kwa wengi maumivu hupungua kiasi cha kuweza kulala na kufanya kazi, na hilo ni jambo kubwa. Gabapentini na pregabalini usiziache ghafla.

"Amitriptilini ni ya vichaa"

Ilianza kama dawa ya sonona, ndiyo. Kwa maumivu ya mishipa ya fahamu mara nyingi huanzwa kwa miligramu 10 au 25 usiku, dozi ndogo kuliko ya sonona, na kazi yake hapa ni kupunguza zile taarifa za maumivu. Hukausha mdomo, huleta usingizi na choo kigumu. Mwenye ugonjwa wa moyo amwambie daktari kabla ya kuanza. Ndugu wanaomficha mgonjwa vidonge kwa aibu wanamtesa bure.

"Pakande na maji ya moto"

Joto la wastani huwapa wengine nafuu. Lakini penye ganzi ngozi haisikii moto, na mtu huungua bila kujua. Pima maji kwa kiwiko cha mkono usio na ganzi. Kuchanja chale juu ya kovu ni kuongeza jeraha na kukaribisha vijidudu.

"Tulia kitandani mpaka yaishe"

Kiungo kisichotumika hukakamaa. Tembea, nyoosha mkono, pumzika kabla hujachoka kabisa. Gunia la viazi wabebe wengine kwa sasa. Kwenye hospitali ya rufaa muulizie mtaalamu wa fiziotherapia; atakuonyesha pia jinsi ya kuzoesha kovu kuguswa, kwanza na pamba, baadaye na kanga, dakika chache kila siku.

Ukifika kwa daktari usiseme tu "mshono unauma". Mweleze kama panawaka, panapiga shoti au pana ganzi, kama nguo inauma ikigusa, na taja kila dawa uliyokwisha kumeza.